Siku Niliyokatazwa Kuangalia Tenti Yangu

Kabla sijawa na tenti, mvua ilikuwa mvua tu. Ilikuja alasiri kama kawaida yake huku kwetu kwenye majani chai, nikajifunika gunia, maisha yakaendelea. Halafu nikauza ng'ombe, nikanunua tenti moja nyeupe na viti vya plastiki vya kukodisha, nikapaka kila kiti alama nyekundu upande wa chini. Tangu siku hiyo nikawa mtabiri wa hali ya hewa asiye na mshahara. Wingu likizaliwa kule Fort Ternan, mimi huku karibu na Ndanai nilikuwa nimeshajua ukoo wake na mahali linakoenda kulala.

Sikuogopa mvua ya maji. Niliogopa mvua ya mawe. Mgeni akisikia hivyo hudhani ni vibarafu vya kuchezea watoto. Wacha nikuambie, mawe ya huku ukiyakusanya unajenga msingi wa choo na mengine yanabaki. Yakirundikana juu ya tenti, turubai hujaa tumbo kama ng'ombe anayekaribia kuzaa. Likipasuka, wewe mwenye biashara unafunga aproni na kurudi kuchuna chai kwenye mashamba ya watu. Na mimi tenti yangu ilikuwa hiyo moja. Sikuwa na ya pili hata ndotoni.

Kwa hivyo ilipokwenda, nilikwenda. Nimehudhuria matanga ya watu nisiowajua mpaka familia zao zikanitengea nyama. Nimelia kwa uchungu wa kweli kando ya makaburi, na watu wakashikana mabega wakisema huyu alimpenda sana marehemu. Kumbe nilikuwa nimeona mjomba mmoja mnene amekiinua kiti changu kwa miguu miwili ya nyuma, anabembea.

Kuna siku ilikuwa koito, ile sherehe ya wazee kuketi na kukubaliana mahari. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye nguzo yangu kama kawaida. Upande wa bwana harusi walidhani mimi ni wa bibi harusi, wa bibi harusi wakadhani mimi ni wa bwana harusi. Ubishi wa ng'ombe ulipokolea, mzee mmoja akanigeukia, akaniomba nami niseme neno, maana nimenyamaza kama mtu mwenye busara. Nilikuwa nikitazama mlimani. Nikasema wazee, tumalizeni, mawingu hayo si mazuri. Wakatazamana. Wakasema ni kweli, ndoa haitaki kucheleweshwa na mawingu ya ubishi. Wakakubaliana papo hapo, nikapewa mursik, maziwa yetu ya mgando, kibuyu kizima. Mpaka leo kuna watu wanaonipigia simu niwasuluhishe.

Mke wangu alikuwa amechoka. Alisema mimi sikumwoa yeye, nilioa turubai, na siku nikifa atanizika nalo, halafu waombolezaji watafute pa kujikinga.

Sasa, mimi ni mtu niliyesoma gumbaru, ile shule ya jioni ya watu wazima, na nilifuzu. Cheti changu kiko ukutani, juu ya televisheni, ili hata habari zikisomwa msomaji ajue anamsomea nani. Darasani niliketi dawati moja na bibi mmoja ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Mimi nilimaliza nikaondoka. Yeye herufi zilimsumbua, akarudia, akarudia tena, miwani ikabadilishwa, na mwishowe mwaka huu akafuzu. Akapanga sherehe nyumbani kwake. Akaja kwangu na fimbo yake, akaketi kabla ya kukaribishwa.

Alisema amesoma hotuba yake mbele ya mbuzi mpaka mbuzi wanaijua. Sasa anataka kuisomea watu, chini ya tenti, kama wasomi wengine, si chini ya paa la zizi. Nikasema, Kogo, tenti ni yako bure, na viti, na mimi mwenyewe nitakuja niilinde.

"Hapo ndipo sitaki," akasema. "Ukija kama askari, baki na tenti yako. Mimi nataka mgeni. Utavaa tai, utakaa mbele, utaniangalia mimi."

"Kogo, na mawingu?"

"Weri, mawingu ni yako?"

Weri ni kijana. Mimi nina mvi, lakini mbele ya Kogo nilijisikia nimevaa kaptula. Mke wangu, aliyekuwa akimimina chai, alijibu kwa niaba yangu kwamba nitakuja na nitakaa.

Siku hiyo nilivaa tai, nikawekwa kiti cha mbele kabisa, mgongo kwa nguzo zote. Ulishawahi kuketi huku kitu kinakuwasha mahali usipofika? Ndivyo nilivyoketi. Kogo alisimama na karatasi yake akaanza kusoma, kidole kikifuata neno baada ya neno, na hakuna aliyekohoa. Watoto wake wazima walikuwa wanamtazama kama watu wanaoona ng'ombe akifungua lango kwa ufunguo.

Ndipo kukawa giza. Jiwe la kwanza likagonga juu, ko. Halafu la pili. Halafu mbingu ikamwaga gari zima la kokoto. Nilianza kuinuka. Nilijua kinachotakiwa: mti mrefu, usukume turubai kwa ndani, barafu imwagike pembeni. Lakini ningesimama mimi, wangesimama wote, na hotuba ya Kogo ingeishia hapo, katikati, kama masomo yake yalivyoishia miaka yote. Alinitazama juu ya miwani. Makalio yangu yakarudi kwenye kiti yenyewe, mimi sikuyatuma.

Akaendelea kusoma, sasa kwa sauti ya kuitia ng'ombe wa kijiji jirani. Tumbo la tenti lilikuwa linashuka polepole kuja kunisalimia. Nilimtazama Kogo. Nikamtazama kweli, jamani, kwa mara ya kwanza katika sherehe zote nilizohudhuria nilisikia kilichosemwa. Alikuwa anasoma jinsi alivyokuwa akitia kidole gumba kwenye wino na kusaini asichokijua, na jinsi sasa kidole hicho kimepumzika.

Hapo ndipo turubai likapasuka, juu yangu hasa. Barafu yote ya kaunti ya Bomet ilinishukia. Iliingia kolani, ikapita chini ya tai, ikatokea kwenye soksi. Kila mtu alijua ile ndiyo tenti yangu pekee, na walikuwa wakiningoja nilie.

Kogo akaweka kidole kwenye karatasi ili asipoteze mstari.

"Haya, ishapasuka," akasema. "Sasa unaweza kusikiliza vizuri."

Nilicheka mpaka barafu ikaniyeyukia mwilini. Kitu nilichokiogopa mchana na usiku kilikuwa kimekuja, kikanimwagikia, na mimi bado nilikuwa nimeketi. Watu walipindua viti wakavivaa vichwani, alama zangu nyekundu zote zikitazama mbinguni, na Kogo akamaliza hotuba mbele ya msitu wa miguu ya plastiki. Alipigiwa makofi na watu wenye mkono mmoja tu ulio huru.

Wiki ile yeye mwenyewe aliishona tenti. Alitia kiraka cha aproni yake ya zamani ya kuchunia chai, ya manjano, kwa mishono mikubwa kama mwandiko wake. Nikamwambia kila mwaka gumbaru wakifuzu, tenti ni yao bila malipo, nami nitaketi.

Juzi ilikodishwa kwenye matanga upande wa pili wa bonde. Nilibaki nyumbani, mara ya kwanza. Alasiri ngurumo ikalia. Simu nayo ikalia. Alikuwa Kogo, naye yuko huko matangani.

"Weri, niko chini ya kiraka changu. Hakivuji. Wewe uko wapi?"

"Nyumbani, Kogo."

"Umekaa?"

Nilikuwa mlangoni, mguu mmoja umeshaingia kwenye gambuti. Nikauchomoa, nikakaa.

"Nimekaa."

"Na haya mawingu unayaona?"

"Mawingu gani?" nikasema, na mke wangu akaniongezea chai.