Unga Wangu na Majani ya Mkwe

Shule niliishia darasa la pili, lakini nyumba ya matofali ya kuchoma pale Bagara niliijenga mwenyewe kwa unga wa mbegu za maboga. Mkoa ulipokuwa mpya, watumishi wakihamia Babati kila wiki, wake zao walinijua kabla hawajajua soko liko wapi. Wote niliwaambia neno moja: mtoto akila unga huu, hahitaji kingine.

Mjukuu wangu nilimlea kwa unga huo. Miaka minne, mashavu yamejaa. Bibi yake mwingine, mkwe mwenzangu wa Bonga, kila akija alileta majani ya kunde aliyoyakausha kivulini. Mimi nilikuzwa kwa majani hayo wakati wa njaa. Niliapa hayataingia chunguni mwangu. Nilipokea, nikashukuru, nikampa mayai ya kuku wangu, akiondoka tu majani nikayavuruga kwenye pumba za kuku.

Jioni moja, jua ndiyo kwanza limezama, nilimtuma mtoto aniletee kigoda. Kilikuwa hatua tatu mbele yake. Akapapasa ukuta, akakikwaa, akaanguka.

"Wewe, huoni?"

"Jioni huwa sioni, bibi."

Huwa! Alilisema kama mtoto anayekwambia huwa hapendi maharage. Huwa tangu lini? Na mimi nilikuwa wapi?

Asubuhi tulikuwa zahanati. Muuguzi, binti mdogo tu, alimmulika macho, akauliza anakula nini. Hapo nikajitutumua, nikausifia unga wangu mpaka nikamaliza.

"Bibi, unga wako ni mzuri," akasema. "Una mafuta, una protini, una madini. Ndiyo maana mtoto amenona. Lakini vitamini ya macho humo ni kama hakuna. Hiyo iko kwenye majani ya kijani. Hata makavu, yakikaushwa kivulini, inabaki. Nyumbani huna?"

"Ninayo. Nawapa kuku."

Akaweka kalamu chini. "Basi kuku wako wanaona kuliko mjukuu wako."

Mtu hajawahi kunipiga kofi likaniuma vile. Alimpa mtoto matone ya vitamini hiyo ameze, akaniambia tungechelewa zaidi macho yangeharibika moja kwa moja. Akasema pia majani niyaunge kwa unga wangu, maana vitamini ile inataka mafuta ndipo mwili uipokee.

Sikurudi nyumbani. Nilishika njia ya Bonga na mtoto mgongoni, mzito kama gunia, nikamweleza mkwe yote bila kuficha.

"Nilijua," akasema. "Mayai uliyokuwa ukinipa, viini vyekundu kama jua! Nikajisemea, kwa mama huyu mboga zangu haziliwi na watu."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe? Ungesikia?"

Nisingesikia. Akanijazia mfuko.

Mtoto alikula majani yale kila siku. Nami kila jioni nilimtazama anavyotembea. Alikuwa bado anapapasa. Siku kadhaa zikapita hivyo. Halafu jioni moja nilikuwa nachochea kuni, giza limeshaingia uani, akasimama mbali kule mlangoni akacheka.

"Bibi, kanga umeigeuza! Maandishi yamo ndani."

Nikajitazama. Kweli. Nikakaa chini palepale kwenye majivu.