Ubani Kwenye Mkanda wa Feni

Gari lile lilimzidi babu yangu umri, na mimi nililipenda utadhani ni langu. Nikimaliza kulifuta vumbi nilikaa kwenye usukani, nikajiona nalipandisha Lushoto, watu wamejipanga barabarani. Halikuwa na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe kwenye rejeta, yakapoa, yakashuka, na upepo ulivutwa na feni moja iliyozungushwa na mkanda wa ngozi. Huko Ulaya lilikotengenezwa, kwenye baridi yao, hayo yalitosha. Sisi gereji yetu ilikuwa Dubai, na ulikuwa mwezi wa Julai.

Fundi wetu, mtu mzima wa Unguja, alikuwa ameizungushia feni kava la bati ili upepo wote upite kwenye rejeta. Siku hiyo tulikuwa tunalijaribu. Arbab, mwenye magari na mshika pasipoti zetu, alitoa sharti: gari liwashwe, lisimame juani, lisizimwe tangu aende kuswali adhuhuri mpaka arudi. Likichemka, fundi haendi popote hadi litengemae. Lisipochemka, asafiri usiku uleule.

Ijumaa binti wa fundi alikuwa anaolewa. Angeweza kumwachia nduguye uwakala wa kuozesha kwa simu, dini inaruhusu. Lakini alishaniambia, huku akijifanya anatafuta spana, kwamba mkono wa mkwewe anataka kuushika mwenyewe.

Arbab akaondoka. Juu ya kifuniko cha rejeta palikuwa na kipimajoto cha kioo chenye mstari mwekundu. Mwanzoni mstari ulitulia chini ya nusu, nami nikaanza kuimba. Kisha ukapanda. Ukapanda tena. Wimbo ukaniishia mdomoni, nikakimbilia ndoo yetu ya maji ya barafu. Kwetu aliyepigwa na jua hupewa maji, hata awe punda.

"Weka chini," fundi akasema, wala hakupaza sauti. "Chuma cha moto ukikimwagia baridi kinapasuka. Tutafanya msiba badala ya harusi."

Akainama, akasikiliza. Mkanda ulikuwa unateleza, feni inazunguka kivivu. Nikamwona anafumba macho. Asubuhi ile alikuwa ameupaka mafuta ya nazi, kama baba yake alivyozipaka ngozi za makubadhi kabla ya kuzishona. Ulikuwa laini kama shavu la mtoto, na haukushika kitu.

Akalitazama begi lake, lililokuwa tayari mlangoni. Akaliendea, akatoa pakiti ya ubani aliomnunulia bi harusi kule sokoni Deira, alioupekua punje kwa punje mpaka muuzaji akamchoka.

"Twanga."

Nikamuuliza kama hakuna kitu kingine cha kuufanya mkanda ushike. Akasema kipo, dukani, na arbab atarudi kabla yetu. Nikatwanga kwa kitako cha nyundo, roho inaniuma.

Akamimina unga kwenye gazeti lililokunjwa, akaupitisha mkono kando ya feni. Yale mapanga yalikuwa hayaonekani kwa kasi, hata katika uvivu wake. Nilimshika mkono wa shati kwa mikono yangu miwili, nikauvuta nyuma usije ukanaswa. Unga ukadondoka kidogo kidogo. Mkanda ukalia, ukalia zaidi, kisha ukanyamaza. Feni ikavuma.

Hakuna kati yetu aliyethubutu kutazama kioo. Nilipotazama, mstari ulikuwa umesimama chini kidogo tu ya alama ya kuchemka. Ukabaki pale, ukabaki, halafu ukashuka kiasi cha unywele.

Arbab alipoingia alinusa kwanza, akauliza nani anafukiza.

"Gari, arbab," fundi akajibu.

Arbab hakucheka. Alikiinamia kioo muda mrefu, akaweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa upesi.

"Khalas, yamekwisha. Nenda ukamwoze binti."

Fundi akaukunja ubani uliobaki. Nikamtania kwamba bi harusi atauliza mbona pakiti imefunguliwa.

"Nitamwambia ubani mwingine tumeufukiza huku, ili baba yake afike."

Alijaribu kufunga zipu ya begi, vidole vikamkataa. Nikamfungia mimi.