Amri Moja kwa Seva Zote

Mjaka hakusomea kompyuta chuoni. Alianza na bisibisi katika kibanda cha kutengeneza simu Darajani, chini ya fundi Mkadam, na kila alichokijua alikipata kwa kuharibu kitu cha mtu kisha akakihangaikia mpaka kikapona. Asiye na mjomba ofisini hupanda hivyo. Mwisho akapata kazi ya maana: kuziangalia seva za hospitali moja binafsi ya Mji Mkongwe, zile kompyuta zinazokaa chumbani kwao zikitumikia wodi, dawa na maabara, pamoja na za tawi lake la Bububu.

Zamani alizisasisha kwa mkono, moja moja, siku nzima inakwenda. Baadaye akamuuzia mwenye hospitali, Bi Tahiya, njia nyengine: programu unayoiandikia mara moja vile unavyotaka seva ziwe, kisha kwa amri moja zote zinapakua masasisho, zinajizima na kuwaka upya, nawe umekaa unakunywa chai. Bi Tahiya alipenda. Lamya, mkuu wa maabara, hakununua upesi.

"Mjaka, hizo nyengine sina habari nazo. Hii yangu ikilala na mgonjwa yuko mezani, nnafanyaje?"

"Yako itakuwa ya mwisho. Inatangulia seva ya majaribio, nayo ina programu hiyo hiyo ya maabara. Hapo kazi inasimama, inanisubiri mimi. Nikishaifungua programu nikaona inakwenda, ndipo nibonyeze kuendelea."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Na macho yangu nakupa bure, bei ile ile."

Lamya akacheka, akakubali.

Asubuhi ya Jumatatu moja Mjaka alitoa amri. Seva ya majaribio ikazimika, ikawaka, kazi ikasimama kumsubiri. Mara simu ikalia. Ni Bashira, binti wa Mkadam, sauti imekauka.

"Baba katutoka. Maiti inatoka baada ya adhuhuri. Kausia ushuke wewe kaburini umpokee."

Maziko kwetu hayasubiri mtu, na aliyetajwa katika wasia asipotokea atasemwa mpaka naye azikwe. Mjaka akatazama kioo cha kompyuta. Seva imewaka. Kuwaka si kufanya kazi, na hilo nani alijue kama yeye, aliyewahi kurudishiwa simu ngapi zinazong'ara na hazipigi? Kufungua ile programu ya maabara kungemchukua muda wa kuvaa kanzu. Akavaa kanzu. Akabonyeza kuendelea, akatoka.

Mwanakwerekwe makaburini aliiacha simu ndani ya viatu, maana kaburini hushuki na simu. Akampokea mwalimu wake, akamlaza kwa ubavu wa kulia. Simu ikatetemeka viatuni, hakuna aliyeisikia.

Masasisho yalikuwa yamefuta faili moja la zamani ambalo programu ya maabara ilikuwa imelitegemea. Seva ya Lamya ikawaka, programu ikagoma kufunguka. Na siku hiyo mezani alikuwapo Shemsa, msichana wa kijiji cha Chwaka, uzazi wake wa kwanza, kashajifungua na damu haitaki kusimama. Damu yake ilikuwa imeshapimwa na ya kumwongeza kupatikana, iko jokofuni. Lakini mifuko ilibandikwa namba tu, na nani apewe upi ilijua mashine. Lamya akaanza kupima upya kwa mkono, huku anapiga simu isiyopokelewa. Damu ilipofika, madaktari walikuwa wameshakata shauri. Shemsa alipona. Kizazi kilitolewa.

Mjaka aliporudi, alilirejesha lile faili kwa muda mfupi kuliko wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Bi Tahiya akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Jamaa zake Shemsa tumewaambia umeme ulikatika. Nawe utasema hivyo. Kazi yako ipo."

"Na Lamya?"

"Lamya ana watoto wanasoma. Usimtie maneno."

Biashara ilikuwa nzuri, na Mjaka hakuwa mtu wa kukataa biashara nzuri. Akatoka amekubali. Nje, kwenye benchi la ukumbini, alikaa Bi Mwatum, mama yake Shemsa, vidole vimechubuka kwa kamba za mwani. Akamwona na laptopu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Naam."

"Basi nieleze, mwanangu. Huo umeme ulikatika wapi? Mimi hapa sikubanduka, na hilo pangaboi halikuacha kuzunguka juu ya kichwa changu."

Mjaka alilitazama pangaboi. Uongo wenyewe alikuwa nao tayari mdomoni.

"Umeme haukukatika, mama. Mashine nimeizima mimi. Nilitakiwa niikague kwanza, sikuikagua. Nilikuwa nawahi maziko."

"Kafa nani?"

"Aliyenifundisha kazi."

Bi Mwatum akamtazama kanzu, udongo ungali upindoni.

"Hakukufundisha," akasema, akageuza uso ukutani.

Bi Tahiya alisikia kabla ya magharibi, na funguo za chumba cha seva zikarudi mezani kwake. Alikuja fundi mwengine, akaikuta ile programu ya amri moja, akaisifu kwamba imeandikwa kwa ustadi. Ndiyo inayotumika mpaka leo. Mjaka amerudi Darajani. Mtu akimjia na kazi ya seva, hamtajii bei.