Nywele za Placide

Marcelline ana saluni ya viti viwili hapa Bellevue, mtaa wa wahamiaji kama sisi, chumba cha mbele cha nyumba iliyogawanywa vyumba. Kiti kimoja chake, cha pili changu mimi, Mayasa. Yeye katoka Lubumbashi, mimi Tanga, na miaka yote hii sijamsikia akimsengenya mtu. Ndiyo maana nina hasira.

Kaka yake alihamia Ujerumani, na huko akazaliwa Placide. Leo ana miaka ishirini na moja, kiungo wa timu ya daraja la pili. Siku za mechi Marcelline huegemeza simu kwenye kioo, anasuka huku anatazama. Mteja akilalamika kwamba Placide hafungi magoli, anajibiwa papo hapo.

"Ile goli muliona, mpira ilitoka kwake. Nyoosha shingo."

Likizo iliyopita kijana alikuja. Watu walijaa mlangoni kupiga naye picha, hata mchungaji wa kanisa la kina Marcelline ambaye hajawahi kukanyaga hapa. Placide akaomba shangazi yake amsuke mistari. Marcelline alisuka asubuhi nzima huku anaimba. Nywele zilizodondoka nilizifagia mimi, kwa mkono wangu huu, nikazitia pipani pamoja na za watu wengine.

Aliporudi Ujerumani hakumaliza hata mwezi. Beki alimchezea rafu, kano ya goti ikakatika, msimu ukaishia hapo. Video ipo, kila mtu ameiona. Lakini mchungaji akasimama kanisani akasema kuna mtu wa damu ya kijana aliyemroga, akauficha mguu wake ndani ya nywele zilizodondoka. Hakutaja jina, mwoga yule. Hakuwa na haja.

Tangu siku hiyo kiti cha Marcelline kitupu. Thérèse, mteja wake wa miaka nenda rudi, sasa anakuja kwangu. Nimewaambia wote kwamba aliyefagia ni mimi. Wanatikisa kichwa, halafu wanakaa niwasuke. Yaani nywele nimetupa mimi, na bado mimi ndiye wanayempa vichwa vyao! Kosa la Marcelline ni kuwa shangazi.

Mwenyewe hakugombana na mtu. Alisema Placide akipata nafuu atapiga simu, atasema neno moja watu wasikie, na yataisha. Mtoto amesoma, anamjua beki aliyemvunja.

Jumamosi simu ikalia, saluni imejaa. Marcelline akafungua sauti makusudi, wote wasikie.

"Mwanangu, mguu unaendelea?"

"Unaendelea, Tantine." Kiswahili chake kizito, na shangazi humwita kwa Kifaransa. Akaongeza: "Tantine, ile nywele yangu ulitupa wapi?"

Niliinyakua simu. "Nilizitupa mimi, Mayasa. Na yule beki pia nilimtuma mimi."

Marcelline akanyoosha mkono, akaichukua simu taratibu. Akamwambia Placide apone upesi, akakata. Kisha, mbele ya wanawake wote wale, akaanza kufungasha vitana vyake.