Mahali CD Iliporuka

Mama alipofariki sikulia. Nilipewa kazi, na mtu mwenye kazi msibani husamehewa mengi. Dada yangu mkubwa alikuwa ameamua kwamba siku ya kusimika msalaba kaburini, kwetu Sengerema, tutapiga ule wimbo wa kwaya ambao Mama aliimba peke yake ubeti wa pili. Padre akishabariki kaburi, spika iwashwe, watu wamsikie. Sauti yake haikuwepo mahali pengine popote. Alikuwa na simu miaka mingi, lakini katika sisi wanawe wote hakuna aliyewahi kumrekodi. Tulipiga, tukaongea, tukakata.

"CD ulichukua wewe," dada alisema. "Ukaenda nayo Mwanza, ukasema utaitunza."

Nikamwambia nitaitafuta. Nilijua haipo.

Kwaya yao ya parokia ilirekodi mara moja tu, miaka kama kumi na mitano iliyopita. Walivuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda studio Mwanza, wote wakiwa wamevaa sare, ingawa studio haioni sare. Nyuma ya jalada waliandika kwa herufi kubwa kwamba kunakili kazi hii ni wizi na ni dhambi. Neno dhambi liliongezwa na mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja jirani yetu, aliyeogopwa kuliko paroko. Nusu ya nyimbo zenyewe hazikuwa zao. Nota walizitoa kwa kwaya za ng'ambo, wakazipiga fotokopi bila kumwomba mtu ruhusa. Mama, ambaye hakuiamini fotokopi, alizinakili upya kwa mkono kwenye daftari lililofungwa kwa gazeti. Alisema wimbo usiouandika mwenyewe haukai kichwani. Hakuna aliyeona tatizo hapo, wala mimi niliyekuwa na shahada. Kunakili kulikuwa bidii mpaka siku ulipokuwa wewe unayenakiliwa.

CD hazikununuliwa. Zilikaa chini ya kitanda cha mwenyekiti, panya wakala majalada, na mwisho watu wakazichukua kuzitundika kwenye mashamba ya mpunga ziwatishe ndege. Nilizikuta huko likizo moja, zinang'aa vizuri. Ajabu ni kwamba nyimbo zilisikika Mwanza nzima, kuanzia saluni hadi kwenye vibanda vya chipsi. Mama alishangaa sana. "Wanazipata wapi," alikuwa akiuliza, "na sisi tunazo zote ndani?" Nilimjibu kwamba teknolojia ni jambo pana.

Kwa hiyo nilikwenda Mabatini, hapo Mwanza, kwenye duka la kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi. Ni duka nililolifahamu. Zamani alikuwepo mwanamume mnene. Sasa alikaa binti mwenye kucha ndefu, hakuinua macho toka kwenye kompyuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hilo la mzee bado nalizoea. "Natafuta kwaya moja ya zamani, ya Sengerema."

"Taja wimbo."

Nikautaja. Akabonyeza mara tatu.

"Ipo albamu nzima. Flashi unayo?"

Nilikuwa nayo. Nikamuuliza waliipata wapi.

"Nimeikuta. Ila hii ndiyo yenyewe, mzee, usije ukadanganywa. Ukisikia tangazo letu katikati, ujue ni ya kwetu. Tumeliweka kwa sababu kuna jamaa hapo mtaa wa pili wanachukua kazi zetu wanaziuza kama zao. Watu hawana haya."

"Hawana," nikakubali.

Akanipa spika za masikioni nihakikishe. Kwaya ikaanza, kisha Mama. Niliisikia sauti yake jinsi mtu anavyosikia jirani akiongea ng'ambo ya ukuta. Akafika neno la nne, na mwanamume akaingia juu yake akisema kwa furaha kwamba kwa muziki halisi ufike Mabatini, epuka nakala feki. Mama akaendelea chini yake, bila kukasirika. Kisha, karibu na mwisho wa ubeti, wimbo ukaruka. Kama mistari miwili hivi haikuwepo.

Niliujua ule mruko. Niliidondosha CD ya Mama kwenye sakafu ya saruji kule nyumbani, ikachubuka, na tangu siku hiyo ilikuwa ikiruka hapo hapo. Wiki ile ile niliileta kwenye duka hili wanitolee nakala kwa ajili ya rafiki zangu, maana nilijivunia Mama. Yule mnene aliomba abaki nayo kidogo. Nilimwachia, nikasahau kuirudia.

Siku ya msalaba, spika iliwekwa juu ya kiti cha plastiki. Wanakwaya waliobaki, wanawake saba, walisimama karibu na kaburi, na Mama alipoanza, nao wakaanza, kwa sauti ya chini. Tangazo lilipoingia watoto walilisema lote kwa kichwa. Ni wazi wanalisikia kila siku. Hakuna aliyecheka sana. Kisha wimbo ukaruka. Wale wanawake walikuwa bado kwenye mistari iliyokosekana. Mama alikuwa ameshawapita. Wengine walinyamaza, wawili wakamkimbilia, mwenyekiti akaimba ile mistari yote mpaka mwisho, peke yake, huku sauti ya Mama ikiwa imeshamaliza.

Baadaye mwenyekiti alinijia na fimbo yake.

"Hapo panaporuka," alisema. "Mama yako aliniambia CD yake inaruka hapo. Alisema uliiangusha ukadhani hakuona."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe ni wewe uliyewapa."

"Ni mimi."

Nilingoja neno dhambi.

"Mimi hata nakala moja sina," alisema. "Niwekee kwenye simu."

Nikamtumia. Wengine wakanyoosha simu zao, nikawatumia nao, moja baada ya nyingine. Sikuhisi kitu, isipokuwa kwamba mtandao ulikuwa unasuasua. Alipoona wimbo wake umefika, aliketi kwenye kiti kilichokuwa na spika akaniagiza nitafute kalamu.

"Ile mistari miwili haimo," alisema. "Andika. Na uandike vizuri, mama yako alikuwa na mwandiko."

Nikaandika nyuma ya ratiba ya ibada. Alinisahihisha mara mbili.