Sweta za Ugiriki

Kwa miaka kumi na moja niliuza tiketi za ndege katika ofisi moja karibu na Moi Avenue, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda kwetu Machakos wakati wa Krismasi. Wateja hawakujua hilo. Mwaka wa 2006, Njambi, mteja wetu wa mtaa wa kitajiri wa Kitisuru, aliamua kuolewa kwenye kisiwa cha Ugiriki, mwezi wa nane, nami nikaombwa niwaandikie wageni wake mwongozo wa safari. Shangazi yake, Mama Wachira, akaniuliza, "Wewe umewahi kufika huko, mrembo?"

Nikasema ndiyo. Huu mdomo wangu!

Niliandika mwongozo huo nyumbani mtaani Satellite, asubuhi ya ukungu, katika ile baridi yetu inayofika hadi mwezi wa nane, nikiwa nimevaa sweta mbili. Nikaandika: mwezi wa nane ni baridi, bebeni sweta nzito na makoti. Cyber, duka la intaneti, ilikuwa ghorofa ya chini ya ofisi yetu. Sikuteremka kuuliza chochote. Mwezi wa nane si ni mwezi wa nane?

Waliporudi, Mama Wachira aliniletea picha. Akina mama wanane wamebeba makoti, jasho linawatiririka, na nyuma yao wenyeji wamevaa kaptura. Nilingoja matusi. Ningeyapokea kwa mikono miwili.

"Siku hizi hali ya hewa imeharibika kila mahali," akasema kwa upole. "Wewe ulipoenda kulikuwa na baridi, si ndio?"

"Baridi sana, Mama," nikamjibu.