Vidonge Kumi na Moja vya K 41

Mfamasia wa hospitali yetu, wagonjwa humwita Mama Lenzi. Kabla ya kuhesabu dawa dirishani, huzimwaga kwenye sinia na kuzisoma kwa kioo cha kukuzia. Wanamcheka. Hawajui kwamba kila kidonge hugongwa herufi na namba kiwandani, na kwamba vidonge viwili vinaweza kufanana rangi, umbo na ukubwa, vikatofautishwa na alama hiyo peke yake. Ana daftari la alama hizo, la miaka kumi na tisa.

Mwaka jana akaletwa mkuu mpya wa kitengo, bwana wa tai na haraka. Akaamuru makopo ya kiwandani yatupwe, dawa zimiminwe kwenye ndoo kubwa zenye vifuniko, eti rafu zipumue.

Wiki ya pili, Mama Lenzi alichota kwenye ndoo ya dawa ya presha. Akakuta K 47, ambayo ndiyo yenyewe, imechanganyika na K 41, ya kushusha sukari. Asiye na kisukari akiimeza anaweza kuanguka asiinuke.

Akafunga dirisha.

"Mama, kwani humo mnapima dhahabu?" foleni ikapiga kelele.

Mkuu akaja mbio. "Unatuaibisha! Vyote vyeupe, vyote mviringo. Unatafuta nini?"

"Soma mwenyewe, bosi." Akampa lenzi.

"Sina muda wa kusoma vidonge!"

"Basi chagua kimoja tumpelekee mama yako."

Mkuu akageuka, akaenda kumwandikia barua ya onyo. Mama Lenzi akachukua rejista, akawapigia simu wote waliopewa dawa ya ndoo ile na mwenzake wa zamu iliyotangulia. Walikuwa sita. Watano hawakuwa wameanza kumeza. Wa sita, fundi viatu, simu yake ilipokewa na bintiye.

"Baba anatetemeka, jasho linamtoka. Tumemwambia alale."

"Asilale! Anaweza kumeza? Mpe maji ya sukari, mwanangu, sasa hivi, kisha mlete. Sikati simu."

Alifika akiwa hai. Katika pakiti yake zilibaki K 41 kumi na moja.

Ndoo ziliondolewa kimyakimya. Kikaoni, mkuu akapigiwa makofi kwa "umakini wa kitengo chake", naye akayapokea bila hata kuona haya.

Mimi ndiye ninayetunza mafaili ya wafanyakazi. Barua ya onyo bado imo katika faili la Mama Lenzi, haijafutwa. Inasema aliwapotezea wananchi dakika arobaini. Fundi viatu hakutajwa popote.